Ndege wa Saa Nne

Mkaguzi aliandika sifuri. Aliiandika polepole, akaipitia tena kwa kalamu mpaka ikakolea, kisha akaizungushia duara, kana kwamba sifuri yenyewe haikuwa duara la kutosha.

"Sifuri?" aliuliza Mama Miche.

"Nimekaa hapa dakika thelathini na tano, mama. Nzi nimewaona. Paka nimemwona. Ndege, hata unyoya."

Alikuwa amekalia kiti cha plastiki walichomtolea sebuleni, na kabla ya kukikalia alikuwa amekipangusa kwa leso yake mara mbili huku mwenye kiti akimtazama. Leso akaikunja, upande aliofutia ukawa ndani, akairudisha mfukoni. Mama Miche alijifanya hakuona. Kile kiti alikuwa amekisugua kwa sabuni na brashi asubuhi hiyohiyo.

Mbele yao ndipo palipokuwa na bustani aliyokuja kuikagua: ukanda mwembamba, hatua arobaini kwa sita, kati ya ukuta wa nyuma wa nyumba na mtaro wa maji machafu. Kulikuwa na mikole, mikwamba na michongoma, vichaka vya asili vya mahali pale, hakuna hata kimoja kilichotoka dukani. Mbegu zake Mama Miche aliziokota chini ya nyaya za umeme, ndani ya vinyesi vya ndege, akaziosha, akazianika kwenye gazeti, akazipanda kwenye makopo ya maziwa. Jina lake lilitoka huko. Sasa mikwamba ilikuwa imejaa vitunda vyeupe kama shanga, kole zilikuwa zinaanza kugeuka rangi, na matunda ya michongoma yalikuwa yameiva rangi ya damu ya mzee.

Halmashauri ilikuwa imeamua kanda zote za kando ya mitaro zijengwe vibanda vya biashara. Zitakazopona ni zile zitakazosajiliwa kuwa bustani za viumbe, na ili bustani isajiliwe, fomu ilitaka aina tano za ndege wa porini waonwe na mkaguzi kwa macho yake mwenyewe. Bila hivyo, panga.

"Wanakuja alfajiri, mwanangu," Mama Miche alisema. "Kukianza tu kupambazuka wamejaa hapa, wanagombana kama watu sokoni. Saa mbili wameshashiba. Jua likikaza wanahamia kwenye miti mikubwa ya makaburini, wanarudi jioni. Njoo siku moja saa kumi na mbili. Wewe unataka aina tano, mimi nitakuonyesha kumi na moja."

"Ofisi inafunguliwa saa tatu. Mpaka nisaini, mpaka nipate gari, ni saa nne. Mimi ni mtumishi, mama, si jogoo."

Barazani, binti wa Mama Miche aliyekuwa anamsuka mteja alicheka bila kuinua macho. Msusi huyo alikuwa amerudi nyumbani kwa wazazi mwaka wa pili sasa, baada ya ndoa yake kuvunjika, na ulimi wake ulirudi mkali kuliko ulivyoondoka.

"Basi waandikieni ndege barua," alisema, "waripoti saa za kazi."

"Nyamaza wewe!" Baba yake alimkata kauli. Watu wote mtaani walimwita Karani, maana alikuwa karani wa masjala miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo, mwaka wa sita wa kustaafu, hakuweza kupokea mgeni wa serikali bila tai. Alimsindikiza Mkaguzi mpaka kwenye gari, mgongo ameuinamisha, mikono miwili ameishikanisha mbele, akizungumza na kijana aliyelingana na kitinda mimba wake.

"Mkubwa, tupe nafasi nyingine. Mara moja tu."

Mkaguzi alitazama saa. "Alhamisi. Nikikuta tano, nagonga muhuri. Nisipokuta, Jumatatu ya mwisho wa mwezi watu wa mapanga wanaingia." Alifunga mlango, akateremsha kioo kidogo. "Na mzee, mimi sijali wamekujaje. Nikiona, nimeona."

Karani alibaki amesimama kwenye vumbi la gari, akiyarudia maneno hayo mdomoni kama mtu anayeonja chumvi.

Jumanne na Jumatano Mama Miche alijaribu kila alichokijua. Aliweka mabeseni mawili ya maji chini ya mikole. Alining'iniza vipande vya papai. Alimfungia yule paka chumbani, akamchafulia mashuka. Alfajiri walikuja wote, kama kawaida yao. Wa kwanza alikuwa shore mmoja mwenye kishungi, manjano chini ya mkia, ambaye Mama Miche alimwita Kiranja kwa sababu hakuna ndege aliyetua kabla yeye hajaita. Kwenzi walifuata na mabawa yao yanayometa, wanatembea juu ya ukuta kama wakwe waliokuja kudai kitu. Wakafuata wale wadogo wa mikia mirefu wanaoning'inia kichwa chini. Walikula, wakanya, wakafuta midomo yao kwenye matawi, wakaondoka. Saa nne, kwenye bustani nzima, alibaki hua mmoja tu, naye amesinzia.

"Mmoja," alisema Karani, akisimama nyuma ya mkewe.

"Mmoja."

"Fomu inataka watano."

"Najua fomu inataka nini, Baba Watoto. Umenisomea mara kumi."

Mama Miche alitegemea lile neno la mwisho limuume kidogo, lakini Karani hakuumia. Alikuwa anahesabu matawi.

Alhamisi alfajiri alimwamsha mkewe mapema kuliko siku zote. Alimwambia amesikia maji yatakatwa saa mbili, heri awahi bombani na madumu yote manne. Mama Miche alikwenda. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamepanga ndoo zao kuzunguka kona, na hakuna aliyejua habari za maji kukatwa. Aliporudi na mkokoteni ilikuwa saa tatu na nusu, na Karani alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, tai shingoni, mikono nyuma.

"Usipite huku. Utawafukuza."

"Wapo?" Mama Miche alitua dumu. "Saa hizi? Wapo kweli?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Wanatosha," alisema Karani, akitazama dumu.

Mama Miche alikimbilia chumbani kubadilisha gauni. Alifunga mtandio wake wa kutokea, ule wa kijani. Kwa miaka tisa alikuwa amewaambia watu kuhusu ndege wake na watu wakaitikia "eeh, eeh," kama wanavyoitikia wazee. Leo mwenye muhuri angewaona.

Mkaguzi alifika saa nne na dakika kumi, na safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni, akaachia mdomo wazi.

"Mama! Kumbe ulikuwa husemi uongo." Alitoa fomu. "Huyu mwenye kishungi ni nani?"

"Shore," alisema Mama Miche, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Mmoja. Yule wa bluu?"

"Kwenzi."

"Wawili. Na huyu wa mkia mrefu. Watatu. Leo wametulia kweli. Hata hawaniogopi!"

Hapo ndipo tabasamu la Mama Miche lilipoanza kumkaukia usoni. Ndege hawakuwa wanakula. Matunda yalikuwa sentimita mbili kutoka kwenye midomo yao na hakuna aliyeyagusa. Kiranja alikuwa amekaa vibaya, ubavuubavu, bawa moja limefunguka, kifua kinapanda na kushuka haraka mno. Alijaribu kuinua bawa, na kati ya manyoya na tawi ukanyooka uzi wa kitu kizito, chenye rangi ya usaha, ukavutika, usikatike, ukamrudisha pale pale. Kwenzi alikuwa amenaswa kwa tumbo. Yule wa mkia mrefu alikuwa amegeuza shingo kujinasua kwa mdomo, na mdomo nao ukashika. Chini ya kila tawi palikuwa na kinyesi kibichi, kingi, cha hofu. Harufu ya ile gundi ilikuwa kama petroli iliyochanganywa na tunda lililooza.

Mama Miche aligeuka kumtazama mumewe. Karani alikuwa anatazama kalamu ya Mkaguzi.

"Wanne, yule hua. Bado mmoja." Mkaguzi alipiga hatua mbele, simu mkononi. "Ngoja nimpige picha huyu mwenye kishungi."

Mama Miche alikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi nzuri, ndefu kabisa, mtu angeweza kusema maneno ishirini ndani yake. Badala yake alijisogeza, akasimama kati ya simu na kichaka, akanyoosha mtandio wake wa kijani kama anayejipepea. Ndege aonekane, asionekane, haikumhusu. Alichoficha ni gundi.

"Wa tano yuko kule mwisho," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza. "Yule mdogo wa kijivu. Njoo upande huu utamwona."

Mkaguzi alimwona. Aliandika tano. Na gundi pia alikuwa ameiona, tangu pale mlangoni. Macho yake yaliishukia mara moja, yakarudi kwenye karatasi, maana siku hiyo alikuwa na bustani nyingine nane za kupitia na gari lilitakiwa saa saba. Aligonga muhuri juu ya goti lake.

"Hongereni. Bustani safi sana."

Gari lilipokata kona, Mama Miche aliingia jikoni akatoka na unga, mafuta ya kula, beseni na vitambaa.

"Njoo ushike," alimwambia Karani.

"Nibadilishe shati kwanza."

"Shika!"

Walikuwa tisa. Watatu walikuwa wameshakufa, wananing'inia, na sisimizi wameshapanda machoni. Waliobaki Mama Miche aliwatoa mmoja mmoja. Alipaka mafuta kwenye tawi, akasubiri, akamsukuma ndege taratibu kwa kidole, akamnyunyizia unga ili asishike tena, kisha akamfuta unyoya kwa unyoya kuelekea nje. Karani alishika. Alishika huku uso ameugeuzia ukutani. Ndege walimnyea viganjani, kinyesi cha zambarau cha matunda ya asubuhi.

"Ulitumia nini?" Msusi aliuliza kutoka mlangoni. Mteja wake alikuwa nyuma yake, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, mkono umeziba mdomo.

"Gundi ya panya," alisema Karani. "Mikebe miwili."

"Baba, wewe ni mtu wa namna gani?"

"Mtu aliyeziokoa hizi fito za mama yako! Nani mwingine aliyefanya kitu? Mapapai? Mabeseni? Wamekufa watatu, sawa. Vichaka vikikatwa watakufa wangapi? Watakula nini, matofali?"

Na lililokuwa baya ni kwamba hoja yake ilikuwa na miguu. Wakati huo Mama Miche alikuwa anamtoa Kiranja. Bawa lilikuwa limeshika kwa urefu wake wote, na mafuta yalipolilegeza, ngozi ilikuja nalo. Chini yake palikuwa na nyama nyekundu yenye unyevu, kama fizi. Kiranja hakulia. Alifungua mdomo tu, akaufunga, akaufungua, akafia mkononi mwa Karani akiwa bado wa moto.

Karani alitaka kumtupa. "Hapana," alisema Mama Miche. "Mshike mpaka apoe."

"Unaniadhibu."

"Nakwambia mshike."

"Na wewe je?" Karani alimgeukia sasa, jasho likimdondoka kwenye tai. "Uliposimama mbele ya ile simu ulikuwa unafanya nini? Sikuona mtandio? Macho yangu mabovu? Tano zile tuliziandika wote, Mama Watoto. Mimi na wewe na yule kijana."

Mama Miche alichovya kitambaa kwenye mafuta akamchukua ndege aliyefuata, naye akafa kabla hajamaliza kumfuta. Walipona wanne, kama kupona ni kukimbia kwa miguu kuingia kwenye majani ya mtaroni kwa sababu huwezi kuruka.

Kibao kililetwa wiki iliyofuata. Kilikuwa cha bati, maandishi meupe, BUSTANI YA VIUMBE, na namba ya usajili chini yake. Fundi aliyetumwa hakuleta nguzo, kwa hiyo alikipigilia kwa misumari minne mirefu kwenye shina la mkole mkubwa kuliko yote, utomvu ukachirizika juu ya herufi. Majirani walikuja kupongeza. Fundi Viatu, ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya mtaro na ambaye kila mtu alijua ameshaomba nafasi kwenye ukanda ule, alimpa Mama Miche mkono akautikisa kwa muda mrefu.

"Hongera, mama yangu. Wamesema ndege walikusanyika kama wameitwa."

"Ahsante."

"Una dawa gani? Tuambie na sisi."

Karani alicheka kwa sauti kubwa. Mama Miche aliingia ndani akanawa mkono ule, kisha akanawa na mwingine. Gundi ilikuwa imeshatoka siku nyingi, lakini bado alihisi vidole vinashikana. Chakula kilimshinda. Akimwona mumewe anamega, anakumbuka viganja vile vilivyonyewa, mate yanamjaa mdomoni, anasukuma sahani. Na alfajiri, alipotoka kwenda kutazama, hakuna aliyeita. Kwenzi wawili walitua ukutani, wakatazama vichaka vilivyojaa matunda, wakaondoka bila kula.

Kisha simu ililia. Karani aliisikiliza akiwa amesimama wima. Mkuu wa Idara mwenyewe anakuja, Jumanne, pamoja na watu wa kamera, maana bustani ile ndiyo pekee kwenye kata nzima iliyopata tano. Na baada ya hapo, kwa mujibu wa kanuni, ukaguzi utakuwa kila miezi mitatu.

"Saa ngapi Jumanne?" aliuliza Mama Miche.

"Saa nne."

Jioni Karani alirudi na mfuko, akaupitisha mlango wa nyuma, akauweka chini ya sinki kama mtu anayeweka viazi. Mama Miche aliufungua. Mikebe minane. Alikuwa ameinunua kwa jumla, kwa bei nafuu, ya kutosha mwaka.

Hilo ndilo lililomvunja. Mara ya kwanza angeweza kuiita wazimu wa siku moja, hofu ya mzee anayeogopa panga. Lakini mtu anayenunua kwa jumla ameshaamua atakavyoishi. Alibeba mfuko mpaka chooni akatumbukiza mkebe mmoja mmoja shimoni, akisikiliza kila mmoja unavyotua.

"Umefanya nini?" Karani alimkuta anafunga mlango wa choo.

"Jumanne watakuja walio tayari kuja."

"Hawatakuja! Unajua hawatakuja!"

"Basi hawatakuja."

"Watakata, wewe mwanamke! Miaka tisa ya jasho lako, watakata!"

"Shusha sauti," alisema Mama Miche. "Binti yako ana wateja."

Jumanne yalikuja magari matatu. Mkuu wa Idara alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya ngozi laini, miwani ya jua aliyoipandisha kwenye nywele. Harufu ya mtaro ilipompata alitoa kitambaa chenye manukato akakiweka puani, na hakukitoa tena mpaka alipoondoka, hivyo maneno yake yote yalipitia kwenye kitambaa. Maji aliyoletewa aliyapokea kwa heshima akampa dereva, dereva akayamwaga kwenye mkwamba. Mkaguzi alikuwa nyuma yake, shati limeloa makwapani.

Walisimama. Dakika tano, kumi, kumi na tano. Mpiga picha alishusha kamera, akaiinua, akaishusha. Vichaka vilikuwa kimya kabisa. Tunda moja lilianguka, wote wakageuka.

"Ndege wako wapi?" aliuliza Mkuu.

"Walikuwepo, mheshimiwa," alisema Mkaguzi. "Niliwahesabu mwenyewe."

"Mama, ndege wako wapi?"

Karani alimshika mkewe kiwiko. Mama Miche alikiondoa kiwiko taratibu, kama anavyoondoa tawi lililomkwama nguoni.

"Wako makaburini, kwenye kivuli. Hapa wanakula alfajiri. Wale aliowahesabu kijana huyu waligandishwa kwa gundi ya panya. Tuliwagandisha sisi. Watano walikufa. Mimi niliona, nikasimama mbele yake ili picha isitoke vibaya, kwa sababu niliitaka bustani."

Mpiga picha mmoja alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisha akatazama viatu vyake. Mkaguzi alianza kusema kitu kuhusu umbali na mwanga. Mama Miche alisubiri ghadhabu. Alikuwa ameitayarishia mwili mzima. Alitaka kugombezwa, tena mbele ya watu.

Mkuu aliwaza kidogo nyuma ya kitambaa chake.

"Hayo tusiyaandike," aliwaambia watu wa kamera. Kisha, kwa sauti ya upole, ya mtu mwenye suluhisho: "Mama, usijisumbue moyo. Shida yako ni ndogo sana. Tutakuletea tundu. Tundu zuri la waya, kubwa, tulipake kijani lisionekane sana, tuliweke hapo katikati. Ndani tunatia ndege wa kununua, wa rangi. Mgeni akija saa nne, akija saa nane, anawaona."

"Tundu," alisema Mama Miche.

"Sehemu nyingi wanafanya hivyo."

"Kwenye bustani ya viumbe."

"Ndege ni ndege, mama. Na hao wako waendelee kuja kwa muda wao, nani atawazuia? Vichaka vinabaki vyote. Tutakata hivi vya katikati tu, vitano sita, kupata nafasi ya tundu."

"Tunakubali," alisema Karani. "Mheshimiwa, tunashukuru sana, tunakubali."

"Na nisipotaka tundu?"

Mkuu aliteremsha miwani ya jua machoni. "Baada ya hayo uliyoyasema mbele ya watu wangu? Siwezi kukutetea. Usajili unafutwa, ukanda unarudi kwenye vibanda. Mimi nakusaidia, mama. Ni wewe tu."

Mama Miche alitazama bustani yake. Vichaka vingebaki. Hakuna ambaye angechunwa ngozi. Wiki tatu zilizopita angembusu mikono yule mwanamke. Aliwaza alfajiri, wa porini wanakula nje ya waya na wa kununuliwa wanawatazama kutoka ndani. Akawaza baadaye kidogo, yeye mwenyewe akiosha kinyesi cha tunduni saa tatu na nusu ili saa nne pang'ae, na Karani akivaa tai.

"Kateni," alisema.

"Samahani?"

"Nimesema kateni. Ila mnipe wiki mbili matunda yaishe. Kuna makinda kwenye viota, wanalishwa haya."

"Ratiba ni Jumatatu," alisema Mkuu, akigeukia gari lake.

Jumatatu walikuja wanaume wanne na mapanga, wakakata mpaka adhuhuri. Mikwamba iliangushwa kwanza, kisha mikole, kibao cha bati kikiwa bado kwenye shina lake, mpaka mmoja akakumbuka kuwa kibao ni mali ya ofisi akakichomoa. Matunda yalipondeka chini ya mabuti, udongo wote ukawa na rangi ya kidonda. Viota viwili vilianguka. Msusi aliviokota akavitazama ndani, akavifunika kwa mkono, akaenda navyo upande wa pili wa nyumba bila kumwambia mtu vilikuwa na nini.

Fundi Viatu alivuka mtaro kabla hata matawi hayajaondolewa.

"Shikamoo, mama. Pole sana, mama yangu. Imeniuma kama yangu." Huku akisema, alikuwa anatembea kwa hatua ndefu zilizolingana, midomo inacheza, anahesabu. Mwisho wa hatua ya nne aliweka jiwe.

Wanaume wa mapanga walisema kazi yao ni kukata, siyo kubeba. Matawi ni ya mwenye nyumba. Yalirundikana mpaka dirishani, na yale ya michongoma yalikuwa juu. Karani alivua tai akaitundika kwenye kitasa. Hakuomba glavu, hakuomba msaada. Alibeba matawi mchana kutwa, mikono mitupu, akiyakumbatia kifuani, kutoka nyuma ya nyumba mpaka barabarani, safari baada ya safari, na kila mara aliporudi alipita mbele ya mkewe akiwa anatazama chini. Hakusema kwamba alimwonya. Alikuwa nayo hiyo, iko tayari mdomoni tangu asubuhi, lakini ilifika mpaka kwenye meno ikakaa.

Jua lilipoanza kulegea alikuja jikoni, akavuta kigoda, akakaa. Viganja vilikuwa vimevimba, vimejaa nukta nyeusi. Alijaribu kujitoa miiba kwa kucha akashindwa, vidole havikukunjika.

Mama Miche alichukua pini kwenye ukosi wa gauni lake, akaipitisha kwenye moto wa jiko, akavuta kigoda kingine karibu na dirisha penye mwanga, akanyoosha mkono wake kudai ule wa mumewe. Alipoushika, kinyaa kilimpanda kama siku zote, akakimeza. Alianza na kidole gumba. Alitoa mwiba, akaufuta kwenye kitambaa, akatafuta mwingine.

"Mama Watoto," Karani alisema. "Umenisamehe?"

"Hapana," alisema Mama Miche, akiinamia kiganja. "Tulia, usitikisike. Huu umeingia ndani sana."